Mgonjwa wa Saratani na Amana ya Mwili Wake

(Matini ya mhadhara uliotolewa msikitini kwetu baina ya Magharibi na Isha, mbele ya wanaume na wanawake)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad.



Mada tuliyoombwa kuizungumza usiku huu haina mazoea katika mimbari zetu. Tumezoea kuzungumzia maradhi kwa ujumla wake, kwamba ni mtihani na kafara ya madhambi, kisha tukamuombea mgonjwa dua na kuondoka. Leo tunamkusudia mgonjwa mmoja mahsusi. Huyu ni yule ambaye madaktari wamekwishamwambia kuwa saratani yake imeenea mwilini, kwamba watamtibu lakini hawatarajii kuiondoa. Baada ya kuambiwa hivyo hurudi nyumbani. Anaweza kuishi miezi, au mwaka, au miaka kadhaa, Allah ndiye ajuaye. Katika muda huo daktari humuona saa moja kwa mwezi; saa zote zilizobaki yuko na nafsi yake, na familia yake, na sisi majirani zake. Ni nani anayeusimamia mwili huo katika saa hizo? Anaswali vipi? Dawa anainywa kwa amri ya nani? Na neno la mwisho ni la nani?

Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwani lilitendeka ndani ya msikiti huu na baadhi yenu mnalijua.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuliporejea kutoka masomoni, tukiwa bado na joto la vitabu. Mzee wetu mmoja, mtu wa safu ya kwanza, alitusubiri barazani baada ya swala ya Alasiri. Alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia katika mifupa ya mgongo na nyonga. Alitoa mfukoni mwa kanzu kichupa cha plastiki chenye dawa ya maji akasema, "Ustadhi, hospitali wamenipa hii, wanaiita mofini. Kijana wangu ananiambia ni katika madawa ya kulevya. Niinywe au nisiinywe?" Hatukumuuliza anaumwa kiasi gani. Hatukumuuliza dawa ile inafanya kazi gani, wala kiasi chake, wala aliyempa. Tulimtolea hapo hapo hukumu ya vilevi, tukamhimiza asubiri, tukamkumbusha ujira wa mwenye kusubiri. Alitushukuru, akakirudisha kichupa mfukoni, akaenda zake akijishika ukuta.

Wiki tatu baadaye muuguzi alikuja madrasa. Alisimama mlangoni akiwa na sare yake mpaka watoto walipomaliza kusoma, kisha akasema: "Ustadhi, nimekuja kuuliza, sikuja kulaumu. Mzee wako usiku analia mpaka majirani wanasikia. Hata swala inampotea, hajui amefika rakaa ya ngapi. Anasema mwalimu amemkataza dawa. Naomba unioneshe kitabu kilichosema hivyo."

Hatukuwa na kitabu cha kumuonesha.

Usiku ule tulirudi kwenye rafu. Tulikuta kwamba wanachuoni wa fiqhi walikwisha kulizungumza jambo hili kabla ya babu zetu kuzaliwa. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), ambaye ni nguzo ya madhehebu yaliyoenea pwani hii yetu, amelieleza suala la mtu ambaye mkono wake umeingia uozo na lazima ukatwe: je, yafaa anyweshwe kitu cha kumuondolea fahamu ili asihisi kisu? Akataja kuwa kuna kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu. Hiyo ni dawa inayoondoa fahamu yote! Itakuwaje basi dawa ambayo, ikitumika kwa kipimo chake, humuacha mtu na fahamu zake na kumuondolea yale maumivu yaliyokuwa yamemnyang'anya fahamu hizo?

Kesho yake tulikwenda kwa mzee, tukakaa chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake, tukamwambia kuwa tulikosea na tukamuomba radhi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Si neno, mwanangu. Lakini zile wiki tatu zilikuwa ndefu." Aliianza dawa siku ile ile. Siku ya tatu tulimkuta amekaa juu ya kiti anaswali Adhuhuri kwa utulivu. Aliendelea hivyo kwa muda, mpaka Allah alipomchukua. Allah amrehemu, nasi atusamehe.

Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu kwa lawama nzito mno, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akaeleza kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wenzake wale walikuwa swahaba, si watu waovu, na walijibu kwa nia njema. Kila tunapokisoma kisa hiki tunaiona ile baraza na kile kichupa.

Sasa tuizungumze dawa yenyewe, kwa kuwa wengi wenu mna mgonjwa nyumbani na huenda kichupa kama kile kiko juu ya kabati. Mofini asili yake ni mmea wa afyuni. Inayotumiwa sana katika nchi zetu ni ile ya maji: unga wake huchanganywa na maji kwa kipimo maalumu, na gharama yake ni ndogo. Wenzetu wa Uganda wametangulia katika jambo hili. Dr. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ikaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika dawa hii, ili mgonjwa wa kijijini asife na maumivu kwa kukosa daktari. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya tangu enzi za Mjerumani, hutoa huduma hiyo, na zipo hospitali nyingine zinazoitoa. Wenyewe huiita tiba shufaa. Baadhi ya watu hudhani shufaa na shifaa ni neno moja, na sivyo. Shifaa ni ponyo. Shufaa ni kule kumsimamia mtu na kumuombea kheri. Waarabu kwao huiita tiba ya kulainisha mambo. Sisi twaona waliochagua neno la Kiswahili wamechagua vyema zaidi, kwani mgonjwa huyu anahitaji wa kusimama naye.

Mofini ya maji hunywewa kwa saa. Haingojewi maumivu yafike kooni ndipo itafutwe. Utaratibu wa kawaida ni kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi ya kulalia, ambayo mara nyingi huwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Kiasi anakipanga tabibu na hukibadilisha kwa kadiri ya maumivu. Asikizidishe mtoto wa mgonjwa wala asikipunguze kwa huruma. Siku za mwanzo mgonjwa husinzia, na mara nyingi usingizi huo hupungua baada ya siku chache. Usingizi ukizidi hata kumuamsha ikawa shida, mtoa dawa apigiwe simu mara moja. Choo hufunga, na hilo halipungui, kwa hiyo aombe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Kichupa kifungiwe mbali na watoto. Ama hofu kwamba atakuwa teja, hiyo ni hofu ya kumfananisha mtu anayekunywa dawa ili aamke aswali na mtu anayeinywa ili asahau swala. Anayeitumia kwa maumivu ya kweli na kwa kipimo cha tabibu ni nadra kufikia huko. Wala dawa hii ikitolewa ipasavyo haimharakishii mtu kifo chake.

Itasemwa: na subira iko wapi? Ndugu zetu, nani miongoni mwetu ana subira kumshinda Nabii Ayyub (A.S.)? Katika Sura ya Al-Anbiyaa tunasimuliwa namna alivyomlalamikia Mola wake madhara yaliyompata, na katika Sura ya Swaad Mola wake huyo huyo akamsifu kwa subira. Malalamiko yake hayakumtoa katika wenye kusubiri. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoumwa kichwa alisema kuwa kinamuuma. Ibn Masoud (R.A.) alipomgusa akamkuta na homa kali, Mtume (S.A.W.) hakuficha, alimweleza kwamba homa yake ni sawa na ya watu wawili. Kumwambia daktari "naumwa hapa, na usiku huzidi" ni kutoa habari, na anayeficha habari humfanya tabibu wake atibu gizani.

Na hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, maana mgonjwa wa namna hii ana kazi ya kufanya. Wengi tunamdhania kuwa ni mtu wa kulala na kufanyiwa. Mwaka 2017 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja kubwa ya saratani jijini New York kwa wagonjwa 766 waliokuwa na saratani iliyoenea. Baadhi yao walipewa njia ya kueleza wenyewe, kila mara, dalili wanazozisikia: maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu. Habari hizo ziliwafikia wauguzi nao wakachukua hatua. Wengine walihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, yaani husema wakikutana na daktari. Walioeleza wenyewe waliishi kwa wastani wa kati miezi 31, na wenzao 26. Hawakupewa dawa mpya. Kilichoongezeka ni kusema na kusikilizwa. Kabla ya hapo, mwaka 2010, uchunguzi mwingine wa huko Boston kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea ulionesha kwamba waliopata tiba shufaa tangu mwanzo, pamoja na matibabu yao mengine, walikuwa na hali bora na waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliocheleweshewa. Ajali i mikononi mwa Allah, hilo halina shaka kwetu. Lakini sababu nazo ameziumba Yeye, na hizi ni katika sababu.

Wao walitumia kompyuta. Sisi tunalo daftari la shule. Mgonjwa, au binti yake kama hawezi kuandika, aandike kila jioni: maumivu yako wapi na yamefika kiasi gani, amelala vipi, amekula nini, choo, dawa alizokunywa na saa zake, na swali lolote analotaka kumuuliza daktari, kwani maswali yana tabia ya kupotea mlangoni mwa daktari. Kwa maumivu, wauguzi wa tiba shufaa katika nchi zetu wana kipimo chepesi cha mkono: ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, na vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Bibi asiyejua kusoma anaweza kukijibu kipimo hiki, hata akiwa hana nguvu ya kusema.

Yapo mambo ambayo hayangojei daftari wala tarehe ya kliniki. Aliyechomwa dripu za saratani akipatwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, aende hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, kwa sababu dawa zile hupunguza askari wa mwili. Na ambaye saratani yake imeingia mifupani, akaona mgongo umezidi kuuma na miguu inaishiwa nguvu au inakufa ganzi, au mkojo umeziba, huyo asiambiwe "pumzika kwanza". Huenda uti wa mgongo unabanwa, na akichelewa hata kwa siku moja huenda asitembee tena. Pia ajue kwamba maumivu ya mfupa mmoja mara nyingi hupozwa kwa mionzi, pengine ya mara moja tu. Kwa hiyo aulize.

Tumekuja kwenye jambo ambalo limeharibu nyumba nyingi, nalo ni kumficha mgonjwa. Watoto huchukua majibu, hukutana chumbani, hupanga, na mama huambiwa ana "vidonda vya tumbo". Mama huyo si mtoto. Anaona nywele zinamtoka na watu wanamtazama kwa macho ya msiba. Mama mmoja wa darasa la akina mama alitwambia, "Wanangu wamenificha miezi minne. Nilijua tangu wa kwanza. Nami nikawaficha kwamba najua, wasiumie." Miezi minne nyumba nzima ikidanganyana kwa mapenzi, na kuna madeni hayajatajwa, na kuna binti wa kuozeshwa, na kuna watu wa kuombwa radhi!

Tazameni namna Bwana wetu Mtume (S.A.W.) alivyougua maradhi yake ya mwisho. Yeye ndiye aliyetaka auguzwe nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.), akaomba ridhaa ya wake zake wengine, nao wakamridhia. Yeye ndiye aliyeagiza amwagiwe maji ya viriba saba ili apate nguvu ya kutoka kuwasemesha watu. Na limo katika Sahihi ya Bukhari tukio ambalo tunalisoma haraka na kulipita. Alipozidiwa, watu wa nyumbani walitaka kumtia dawa kinywani. Aliwaashiria wasifanye. Wakasema: hilo ni chuki ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa. Wakamtia. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwa amewakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile kinywani mbele ya macho yake, isipokuwa Abbas (R.A.), ambaye hakushuhudia. Hawa ni watu waliompenda kuliko nafsi zao. Wakayafanya yale yale tunayoyafanya sisi, kwa hoja ile ile tunayoitoa: mgonjwa hajui anachokitaka. Naye, akiwa katika hali hiyo, hakukubali.

Na yule mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa, ambaye Ibn Abbas (R.A.) alimuonesha mwanafunzi wake Ataa, alipomjia Mtume (S.A.W.) hakuamuliwa. Alihiyarishwa: asubiri apate Pepo, au aombewe aponywe. Akachagua subira, kisha akaongeza ombi lake mwenyewe, kwamba aombewe asifunuke nguo anapoanguka. Hebu lizingatieni ombi hilo. Mwanamke ameupokea ugonjwa, na bado analo jambo moja analolijali kuliko yote, nalo ni sitara yake. Hakuna daktari wala mtoto ambaye angelijua hilo bila ya kumuuliza. Wagonjwa wetu nao wana jambo lao. Mmoja hataki kufia wodini. Mwingine hataki kubadilishwa nguo na mkwewe. Mwingine anataka dripu ziendelee mpaka ashuhudie harusi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilipozungumzia matibabu lilieleza kuwa idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu ni sharti. Basi aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani. Akisema, "Mwambieni mwanangu mkubwa, mimi msiniambie," hiyo nayo ni haki yake. Lakini aseme yeye.

Kuhusu ibada tutataja machache, kwa sababu wagonjwa wengi huacha swala kwa kutojua wepesi uliopo, si kwa uasi.

Saratani ya mlango wa kizazi imewapata wengi katika akina mama zetu, na dalili yake ni damu isiyokatika. Tumekutana na mama aliyekaa miezi saba bila kuswali akidhani yuko katika hedhi. Hiyo si hedhi, mama zetu. Fatima binti Abi Hubaysh (R.A.) alimlalamikia Mtume (S.A.W.) damu isiyokoma, naye akamfahamisha kuwa ile ni ya mshipa, na kwamba asiiache swala isipokuwa siku za ada yake. Ambaye umri wa hedhi umempita hana hata siku hizo. Ajisafishe, aweke kitambaa au pedi, atawadhe kila unapoingia wakati wa swala, aswali, na kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Ndiyo hukumu ya mwenye mpira wa mkojo na mwenye mfuko wa choo tumboni. Mfuko wake haumzuii kuswali.

Anayetibiwa kwa mionzi huchorwa alama za wino. Asizisugue. Awaulize wataalamu kama sehemu hiyo yafaa kupata maji. Wakimkataza, ataosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya pale. Asiyeweza kusimama anaswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa anaswali kwa ubavu, kama alivyofundishwa Imran bin Husayn (R.A.). Anayepata mashaka kuswali kila swala kwa wakati wake, Imamu Ahmad amemruhusu mgonjwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, na Nawawi naye, ndani ya madhehebu ya Shafii, ameipa nguvu kauli hiyo. Ama Ramadhani, mgonjwa ambaye hakutarajiwi kupona kwake atalisha maskini mmoja kwa kila siku, na dawa zake aendelee nazo. Asilazimishe saumu ili majirani wasiseme.

Lipo suala la waganga, na hapa hatutasema mengi juu ya wenye hirizi na makombe ya majina yasiyojulikana. Msimamo wetu mnaujua. Mwaka 2011 nchi nzima iliona maelfu ya watu wakipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, na wamo walioacha dawa zao za hospitali. Sisi tulihutubu sana juu ya jambo lile. Lakini wapo miongoni mwetu, wenye kofia na ndevu kama zetu, wanaofungua vyumba vya ruqya, wakamwambia mwanamke mwenye uvimbe wa titi kuwa hilo ni jini, arudi mara ishirini na moja, kila mara na fedha yake. Mpaka anapofika Ocean Road, titi limekuwa kidonda. Ruqya ya sharia ni haki na ni tiba, Bibi Aisha alimsomea Mtume (S.A.W.) katika maradhi yake ya mwisho na kumpangusa kwa mkono wake Mtume mwenyewe. Hapakuwa na foleni wala risiti. Mgonjwa ajisomee mwenyewe, asomewe na mtoto wake, huku amebeba kadi yake ya kliniki. Asali na habbat sawda atumie, ila amtajie daktari kila anachokitumia, hasa mizizi na magome, kwani baadhi hugombana na dawa.

La mwisho ni wasia. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua Makka mwaka wa Hija ya kuaga hata akadhani anakufa, na hakuwa na mrithi wa tumboni mwake ila binti mmoja. Alitaka kuusia mali yake karibu yote. Mtume (S.A.W.) alimrudisha mpaka thuluthi, na akaiona hiyo thuluthi nayo kuwa ni nyingi. Mgonjwa aandike: madeni anayodaiwa na anayodai, amana za watu, kiwanja kile hati yake iko kwa nani, hisa zake za kikoba. Wala asimuandikie nyumba mtoto mmoja katika ugonjwa huu kwa kuwa ndiye anayemuuguza. Zawadi ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia, na mrithi hausiwi ila warithi wenziwe waridhie. Na Saad hakufa katika maradhi yale. Aliishi zaidi ya miaka arobaini, akaongoza jeshi la Qadisiyya, akazaa watoto wengine. Kwa hiyo anayekwenda kumtembelea mgonjwa asikae akimtazama kama jeneza, wala asimhesabie waliokufa kwa ugonjwa wake. Akae kidogo, amuombee, aulize dawa ya saa nne imekwisha kunywewa, amchotee maji, aondoke.

Kamati ya msikiti imekubali mambo mawili baada ya mazungumzo haya. Kutakuwa na daftari moja kwa mhazini, litakaloandikwa majina ya wagonjwa wanaohitaji nauli ya kliniki, nao wakiwa katika mafukara na maskini watapewa katika zaka. Na Jumapili ijayo, baada ya Alasiri, yule muuguzi aliyesimama mlangoni mwa madrasa amekubali kuja kuonesha namna ya kupima dawa ya maji kwa bomba la sindano, kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, na kusafisha kidonda chenye harufu. Akina mama watakaa mbele. Kila nyumba yenye mgonjwa ije na mtu mmoja, na aje na dawa zote zilizoko kabatini kama zilivyo.

Wabillahi tawfiq.